Jangwa Linalonyeshewa Mvua

Ukimwambia mtu wa Kisumu kwamba unatafuta jangwa, atakuelekeza Turkana. Ukimwambia unatafuta miamba ya rangi, huenda akakutuma Marafa, kule nyuma ya Malindi, ambako ardhi imepasuka ikaacha vilele vyeupe, vya waridi na vyekundu, na wenyeji huwatoza kiingilio wageni wanaokwenda kutazama jua likizama. Hapa kwetu kuna ziwa. Kuna samaki, gugumaji, joto la mchana linalokufukuzia kivulini, na mvua: za masika, za vuli, na ile ya alasiri isiyo na msimu, inayotoka ziwani bila hodi. Mahali panapopata zaidi ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka hapana haki ya kuwa na jangwa.

Lakini lipo. Liko Nyakach, kusini mwa uwanda wa Kano, huko Katuk Odeyo. Sikwenda huko moja kwa moja, na sasa naona ilikuwa heri. Nilianza na jiwe.

Jiwe lenyewe ni Kit Mikayi, lililoko Seme, kilomita zipatazo 29 magharibi mwa Kisumu. Matatu za Bondo hushika barabara ya Busia mpaka Kisian, kisha hukata kushoto na kuviacha vilima vya Maseno mkono wa kulia. Mawe huanza kuonekana mapema: moja shambani katikati ya mahindi, mawili nyuma ya choo cha shule, kundi zima limezungukwa na boma la mtu aliyeamua kujenga hapo hapo, naye ameanika sufuria zake juu ya mojawapo. Kufikia hapo macho yameshazoea. Ndipo linapotokea Kit Mikayi, na unagundua kwamba macho hayakuzoea chochote.

Ni mabonge ya graniti yaliyosimama bega kwa bega, kila moja likiishinda nyumba kwa ukubwa, na juu yake yamekaa mengine ambayo, kwa akili ya kawaida, yalipaswa kuwa yameanguka zamani. Rangi yake haitangazi kitu kwa mbali. Ni kijivu tu. Ukikaribia, jiwe linaanza kusema: punje za waridi ndani ya kijivu, madoa ya ukoga wa kijani na wa manjano, na michirizi mirefu myeusi pale maji ya mvua yanapoteremkia kila mwaka kwa njia ile ile. Wapo wanaoiita michirizi hiyo machozi ya mikayi.

Mikayi ni mke wa kwanza katika boma la Mjaluo, na msimulizi anayekupokea langoni hatakuacha upande kabla hujasikia habari zake. Palikuwa na mzee aliyeitwa Ngeso. Kila asubuhi Ngeso aliamka, akaelekea mapangoni mwa jiwe hili, akashinda humo hadi jioni. Mkewe alimpelekea kifungua kinywa, akampelekea na chakula cha mchana. Watu walipomuuliza mume yuko wapi, alijibu kwamba amekwenda kwa mke wake mkubwa. Jina likabaki. Msimulizi huonyesha pia jinsi mawe yanavyofuata utaratibu wa boma la mitara: hili ni nyumba ya mikayi, lile la nyachira, mke wa pili, lile la reru, wa tatu, na lile dogo la pembeni ni simba, nyumba ya kijana wa kiume. Wageni hucheka kwa Ngeso na kupiga picha. Mimi mawazo yangu yalibaki kwa yule aliyepandisha chakula kilimani mara mbili kwa siku, ambaye hadithi, kama nilivyosimuliwa, haimpi hata jina.

Ndani ya mapango hakuna anayecheka. Kuna ubaridi, kuna mishumaa iliyoyeyukia kwenye jiwe, na kuna waumini waliopiga magoti. Wengi huwa wa Legio Maria, kanisa lililochipuka huku huku Nyanza miaka ya 1960 kwa kujitenga na Wakatoliki. Wengine ni wa makanisa ya Roho, na wapo wanaofunga humo kwa siku kadhaa. Mama mmoja mwenye kanzu nyeupe alikuwa akisali kwa sauti ya chini bila kukatiza, na kundi la wanafunzi lilipopita likiongozwa na mwalimu mwenye firimbi, hakugeuza kichwa. Nilipita nyuma yake kwa ncha za vidole, nikajibanza kwenye mwanya unaotokeza upande wa pili, nikapanda.

Kutoka juu unaona ni nini kimetokea hapa, ukiwa tayari kulisahau boma la Ngeso kwa dakika chache. Graniti ya sehemu hizi ni miongoni mwa miamba mikongwe ya Afrika Mashariki, ya zaidi ya miaka bilioni 2.5. Ilipoa chini kabisa ya ardhi, haikuwahi kuliona jua. Ikapata nyufa, za wima na za ulalo, zikaigawa katika matofali makubwa. Maji ya mvua yalipopenya udongoni yakaingia kwenye nyufa hizo, yakala kingo na pembe, na pembe huliwa upesi kuliko uso, ndiyo maana tofali hatimaye linakuwa duara. Yote hayo yalitendeka gizani, chini ya udongo. Halafu udongo ukachukuliwa, kidogo kidogo, na mito iliyokwenda bondeni, mpaka mawe yakabaki wazi yamekaliana vile vile yalivyokuwa ardhini. Kit Mikayi halikupandwa juu ya nchi. Nchi ndiyo iliyoshuka ikaliacha.

Wazo hilo nililibeba hadi Nyakach, nalo liliniharibia safari, au liliitengeneza, sijaamua.

Njia ya Nyakach inapita Ahero. Unaiacha Kisumu kwa barabara ya Nairobi, unavuka mashamba ya mpunga, na Ahero kwenyewe, wachuuzi wakikusukumia dirishani ndizi na njugu, unakata kulia kuelekea Katito na Kisii. Uwanda wa Kano ni tambarare kiasi kwamba mtu aliyezoea vilima hujihisi yuko uchi. Kaskazini kuna ukuta wa milima ya Nandi, kusini kuna ukuta wa Nyabondo, na katikati ni sakafu ya bonde la ufa, tawi lile linaloelekea magharibi na kuishia ziwani. Kila kilichowahi kumomonyoka kutoka kuta hizo mbili kimetua hapa. Tope la ziwa la kale, mchanga wa mito, udongo mweusi unaonata kwenye viatu mvua ikinyesha na kupasuka vipande jua likiwaka, vyote vimelaliana tabaka juu ya tabaka.

Tabaka hizo, kwa kawaida, mtu hana njia ya kuziona. Kule Katuk Odeyo anaziona.

Hakuna lango. Unatembea kwenye majani mafupi yaliyochungwa mpaka mizizi, unapita boma lenye ua wa minyaa, mbuzi wanakutazama, kisha majani yanakoma. Mbele yako ardhi imekatika. Chini kuna uchochoro mpana wa mchanga, na kutoka uchochoro huo umetawanyika mwingine, na mwingine, na kati yake zimesimama nguzo, kuta na vichuguu vya udongo mtupu, vingine virefu kuwazidi watu watatu wakipandana mabegani. Na rangi! Juu ni kahawia. Chini yake mkanda mwekundu wa kutu. Chini ya huo, kijivu kinachoelekea ukijani, halafu manjano hafifu, halafu tena nyekundu, na humo mote zimetapakaa punje nyeupe za chokaa zinazong'aa jua likiwa la pembeni. Baadhi ya nguzo bado zina kofia ya majani kileleni, kipande cha malisho cha ukubwa wa meza, ambacho mbuzi hawezi kukifikia tena. Hicho ndicho kilikuwa kimo cha uwanda wote.

Nilisimama pale nikafurahi. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Jicho halingoji ruhusa ya dhamiri.

Rangi zina maelezo yake. Udongo uliokauka na kupata hewa, chuma chake hushika kutu, ukawa mwekundu. Uliokaa chini ya maji bila hewa, chuma hicho hicho hugeuka kijivu na kijani. Chokaa nyeupe huachwa na maji yanayopanda kutoka chini na kukaukia njiani, miaka ya ukame. Kwa hiyo ukuta wa korongo ni kumbukumbu ya misimu: hapa ziwa lilifika, hapa lilirudi nyuma, hapa palikuwa na mbuga kavu. Mtaalamu anausoma. Mwenye shamba naye anausoma, ila anasoma kitu kingine.

Kijana aliyekuwa akinionyesha njia aliokota donge la kijivu akalitumbukiza kwenye chupa yangu ya maji. Hakuitikisa. Donge lilikaa kidogo, likaanza kutoa wingu pembeni, na kabla hatujamaliza mazungumzo ya mpira maji yote yamekuwa kama chai ya maziwa. "Umeona?" akaniuliza. "Hii haihitaji hata kusukumwa."

Ndivyo ulivyo udongo wenye sodiamu nyingi. Chembe za mfinyanzi, ambazo kwingine hushikamana, humu hukimbiana zikilowa. Maji ya mvua huingia kwenye mipasuko ya kiangazi, hutoboa mifereji chini kwa chini, na juu majani yanaendelea kumea bila habari, hadi siku dari inapoanguka. Unaweza kulala na shamba ukaamka na shimo. Nilionyeshwa tundu moja la duara katikati ya njia ya ng'ombe, si pana kuliko karai, na kijana akanisihi nisisogee. Alitupa jiwe ndani, tukalisikia likigonga chini sana, upande ambao sikuutarajia.

Udongo wa aina hiyo umekuwapo maelfu ya miaka, na makorongo haya si ya maelfu ya miaka. Mzee mmoja, mwenye fimbo na kofia ya soksi licha ya joto, alinieleza kwamba alipokuwa mvulana palikuwa na mtaro ambao yeye na wenzake walikuwa wakiuruka kwa mashindano. Kisha zikaja mvua za 1961, zile zilizolipandisha ziwa zaidi ya mita moja na kuyazamisha maboma ya Kano. Kisha mifugo ikaongezeka na malisho yakabaki yale yale. Miti ya mteremko wa Nyabondo ikaenda kwenye kuni na makaa. Njia za ng'ombe wanaoteremka kunywa maji zikawa mifereji, na barabara nazo zikakusanya maji ya uwanda mzima na kuyatema sehemu moja kupitia karavati. Ikaja El Niño ya 1997 na 1998. Mtaro wa mashindano sasa huwezi kumtambua mtu aliyesimama ng'ambo yake.

Mzee hakumlaumu yeyote. Mimi, kwa kuwa si wa huko, ninao urahisi wa kusema: lawama ya kuwa na ng'ombe wengi hutupiwa mwenye ng'ombe upesi sana, na karavati haiulizwi.

Kinachotoka hapa hakipotei. Kinaingia kwenye vijito, vijito vinaingia mtoni, na mito inakimiminia kwenye ghuba ya Winam. Watafiti wa kilimo mseto wa ICRAF, wenye makao Nairobi, wamekuwa wakilifuatilia bonde la mto Nyando tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, na picha za setilaiti zimeonyesha ulimi wa matope ukitoka mdomoni mwa mto na kujitandaza ziwani. Rutuba iliyomo kwenye matope hayo ni sehemu ya karamu ya gugumaji, mmea ambao wavuvi wa Kisumu wamekuwa wakigombania nao njia tangu miaka ya 1990. Kwa hiyo mtu anayekula samaki kando ya ziwa na kulalamikia maji ya kahawia anatazama shamba la Nyakach limelala majini. Wengi hawalijui hilo, wala hakuna bango la kuwaambia.

Si kwamba watu wameketi. Katuk Odeyo ilichaguliwa kuwa mojawapo ya maeneo ya mradi wa kimataifa wa kilimo na hali ya hewa, CCAFS, na tangu 2011 vijiji vya jirani vimejaribu mambo mengi. Nililolipenda zaidi ni la mifugo: mbuzi wa Gala na kondoo wekundu wa Kimaasai waliletwa kuchanganywa na wale wa kienyeji, kwa hesabu kwamba mnyama anayekua haraka humwezesha mtu kufuga wachache na kupata kile kile. Kwato chache, majani zaidi. Kuna vikundi vya akina mama vinavyokopeshana fedha mezani kila wiki, na mkopo wa kununua mche wa mti unatoka humo humo. Kwenye vinywa vya makorongo madogo niliona mkonge uliopandwa kwa safu na mawe yaliyofungwa kwa waya kuvunja kasi ya maji. Pale palipozungushiwa ua na mifugo kuzuiwa, majani yamerudi mpaka kwenye miteremko, na rangi zimefunikwa. Korongo lililopona halina cha kupiga picha.

Hilo ndilo lililonikalia. Mwenzangu wa njiani alikuwa na mipango. Alikuwa amewahi kuona Marafa kwenye simu, na jangwa la rangi la Arizona, kule Marekani, ambako serikali imezungushia hifadhi na watu huvuka bahari kwenda kulitazama. "Sisi tuna yetu," alisema. "Weka lango, weka choo, weka kibanda cha soda. Leta wageni, omera, mimi nitawatembeza." Nilimuuliza kuhusu upandaji miti. Alifikiri, akacheka: "Basi wapande upande ule, upande huu tuwaachie watalii."

Sikuwa na jibu la kumpa palepale, na alikuwa na haki zaidi yangu ya kusema. Lakini ningelazimika kupiga kura, ningeukataa mpango wake. Marafa ina jina lake la Kigiriama, Nyari, na hadithi yake ya matajiri waliooga maziwa wakaadhibiwa na Mungu. Watu wamepata muda wa kuligeuza lile bonde kuwa simulizi. Kit Mikayi limepata muda zaidi, hata likapewa wake. Katuk Odeyo bado mwenye hasara yuko hai na anaikumbuka mipaka. Kuuza tiketi ya kutazama shamba la mtu likianguka, naye amesimama hapo na fimbo, ni biashara ambayo singependa niwe mteja wake wa pili. Wa kwanza nimeshakuwa, ingawa sikulipishwa.

Tena biashara ya korongo ipo tayari, na haingojei watalii. Alasiri lori lilikuwa limeteremshwa hadi kwenye mchanga wa chini, na vijana wanne, migongo wazi, walikuwa wakilijaza kwa sepetu. Mvua huuchuja udongo: mfinyanzi mwepesi hukimbilia ziwani, mchanga mzito hubaki sakafuni mwa korongo, safi, uliooshwa tayari. Mafundi wa Kisumu wanautaka. Kila lori linaloondoka huiacha sakafu chini zaidi, na mvua ijayo hupata mteremko mkali zaidi wa kukimbilia. Kila mtu niliyezungumza naye analijua hilo, hata waliokuwa na sepetu mkononi.

Mwenye mahali hapo alikuwa yule mzee wa kofia ya soksi. Ana hati ya shamba, na hati haijui korongo: ekari zilizoandikwa zinahesabu na hewa. Ukingo umekula mihogo yake, umekula njia ya kwenda kwa kaka yake, sasa uko hatua chache kutoka kwenye kaburi la baba yake, ambalo wamelizungushia mawe. Ushuru wa mchanga ndio uliorudisha kitu kidogo. Dereva alikuwa akimhesabia noti alipofika mama mmoja kutoka boma la juu, akiwafukuzia mbuzi wake nyumbani, akasimama ukingoni na kutazama chini.

"Jaduong'," akamwita mzee, "huo mchanga unaouuza umetoka kwangu."

"Nyar Asembo," mzee akamjibu kwa jina la alikozaliwa, "mchanga hauna alama ya mwenyewe."

"Wa kwangu nautambua. Mwaka jana mvua ya Aprili ilibeba kona yote yenye mtama. Imekwenda wapi, kama si hapo?"

Vijana wa sepetu waliacha kazi ili wasikie vizuri. Mzee aliikunja noti, akaikunjua, akasema kwamba kama ni hivyo basi hata yeye ana deni la kudai ziwani. Mama hakucheka. Aliuliza lori moja ni bei gani, akatajiwa, akauliza ni malori mangapi kwa wiki. Mzee akatazama kando. Dereva akapiga honi. Kulikuwa na mjengo unaomsubiri Mamboleo, mjini Kisumu.

"Sawa," mama akasema, akiwaita mbuzi. "Alhamisi tuko kwenye chama. Nitakuja na hesabu imeandikwa."